Je, Wajua? Simu Mfukoni, Theluji Miguuni

Jumapili moja usiku, mpwa wangu anayesoma Calgary, Kanada, alitutumia picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ilikuwa picha ya kioo cha simu yake: ramani ya mlima, mistari ya rangi imezungukazunguka kama uzi uliochezewa na paka, na chini yake hesabu za siku nzima. Mitelezo 14. Jumla ya kushuka, mita 5,210. Mwendo wa juu kabisa, kilomita 118 kwa saa. Shangazi yangu wa Tanga, ambaye theluji kaiona kileleni Kilimanjaro tu, tena kupitia dirisha la basi, akaandika: "Mjukuu wangu, breki ziko wapi?" Akajibiwa: "Bibi, hakuna breki. Ni miguu tu."

Ile 118 ilinikera. Si kwa wivu, au si kwa wivu peke yake. Nilitaka kujua simu iliyolala mfuko wa ndani wa koti, chini ya jaketi nene, imejuaje. Safu ya leo imetoka huko.

Je, wajua kwamba simu hiyo haiziambii setilaiti za GPS kitu chochote? Wengi hudhani setilaiti inamwangalia mtu kutoka juu kama mwewe anavyoangalia vifaranga. Sivyo. Setilaiti inatangaza, simu inasikiliza, basi. Ni kama redio: mtangazaji hajui kama wewe uko jikoni unamsikiliza au umezima. Ndiyo maana programu za kurekodi mitelezo, kama Slopes au Ski Tracks, hufanya kazi mlimani hata pasipo mtandao wala bando. Kinachokosekana ni picha ya ramani tu, kama hukuipakua kabla ya kutoka nyumbani.

Matangazo hayo husafiri kilomita 20,200 hivi kwa kasi ya mwanga na kufika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Simu hupima yamechelewa kiasi gani, na kutokana na ucheleweshaji huo hukokotoa umbali. Kwa hesabu ya kawaida setilaiti tatu zingetosha kumjulisha mtu alipo. Lakini saa ya simu ni ya bei rahisi na haiaminiki, kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne ya kuisahihisha. Nne, basi, ndiyo idadi ya chini. Simu nyingi za sasa husikiliza zaidi ya hizo, kwa kuwa mbali na GPS ya Marekani zinapokea GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Na je, wajua kwamba pasipo Einstein mpwa wangu angeonekana anateleza nje kabisa ya mlima wake? Saa za atomiki zilizo ndani ya setilaiti zinakwenda mbele ya saa za duniani kwa maikrosekunde 38 kila siku. Huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, na hilo huziharakisha saa kwa maikrosekunde 45 hivi. Mwendo mkali wa setilaiti huzirudisha nyuma kwa 7. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kuwa katika maikrosekunde moja mwanga hukata mita 300. Saa hizo zisiporekebishwa, kosa linarundikana kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Kwa hiyo nadharia iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati watu wengi wakiiona ni mafumbo ya maprofesa, leo inatumika kuamua kama kijana fulani kapita mteremko wa buluu au mweusi.

Buluu na nyeusi ni alama za ugumu wa mteremko. Ulaya, mteremko wa kijani au wa buluu ni wa wanaojifunza, mwekundu ni wa kati, mweusi ni wa wenye roho ngumu. Amerika Kaskazini ni duara la kijani, mraba wa buluu, na almasi nyeusi. Ukiona almasi mbili zimepangwa pamoja, geuza.

Hadi mwaka 2000 programu hizi zisingekuwa na maana. GPS ni mali ya jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1983, baada ya ndege ya abiria ya Korea Kusini kupotea njia, kuingia anga ya Kisovieti na kutunguliwa, Rais Reagan alitangaza kuwa raia nao watafunguliwa mfumo huo. Walifunguliwa, ila nusu mlango: mawimbi ya raia yalichafuliwa kwa makusudi, hata mtu akaweza kuonyeshwa mita 100 mbali na alipo. Uchafuzi huo ulizimwa mwanzoni mwa Mei 2000 kwa amri ya Rais Clinton. Leo simu ya kawaida ikiwa chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Mita 5 zinatosha kutofautisha mteremko na msitu ulio kando yake. Hazitoshi kukutofautisha na rafiki yako mliyeshuka naye bega kwa bega.

Hapo nazungumzia kulia na kushoto. Kwenda juu na chini ni habari nyingine, na kwenye mchezo wa kushuka mlima, juu na chini ndiyo kila kitu.

Je, wajua kwa nini GPS hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye mahali? Fikiria unataka kujua ulipo uwanjani kwa kusikiliza watu wanaokuita. Wakiwa pande zote nne, utajipima vizuri. Setilaiti nazo ziko kaskazini, kusini, mashariki na magharibi yako, lakini zote ziko juu. Hakuna hata moja chini ya miguu, maana dunia yenyewe imeziba. Kwa hiyo kimo kinakadiriwa kwa kusikia upande mmoja wa mazungumzo tu, na kosa lake huwa mara moja na nusu hadi mara tatu ya kosa la mahali.

Juu ya hilo kuna utata wa swali lenyewe: mita ngapi kutoka wapi? Hesabu za GPS huanza na umbo laini la dunia, kama yai lililobonyezwa kidogo. Usawa wa bahari haufuati umbo hilo, kwa sababu mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Kusini mwa India usawa wa bahari uko zaidi ya mita 100 chini ya umbo hilo laini. Kwenye milima ya Alps uko mita 50 hivi juu yake. Simu isiyojua tofauti hiyo ingemwambia mtelezaji wa Chamonix yuko mita 50 zaidi ya kimo chake cha kweli. Mmoja wa watu waliofanya kazi ngumu ya kulichora umbo halisi la dunia kwa kompyuta ni Gladys West, mwanahisabati Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1930, mtoto wa wakulima, aliyeajiriwa mwaka 1956 kwenye kituo cha wanamaji cha Dahlgren. Jeshi la anga la Marekani lilimpa heshima yake rasmi mwaka 2018. Alikuwa na miaka 88.

Utata huo huo umeugusa mlima wetu. Kibao kileleni Uhuru kinasema mita 5,895, na watoto wa shule wameikariri hivyo tangu enzi za babu. Wapimaji waliopanda na GPS mwaka 1999 walipata mita 5,892. Waliopanda mwaka 2008, wakiwa na GPS pamoja na vipimo vya mvutano, walipata 5,891. Hakuna aliyefanya haraka ya kubadilisha kibao.

Basi simu hujisaidia vipi? Kwa kunusa hewa. Ndani ya simu nyingi nzuri mna baromita ndogo kuliko punje ya mchele. Karibu na usawa wa bahari, kila ukipanda mita 8 na kidogo, mgandamizo wa hewa hupungua kwa hektopaskali moja, na kifaa hicho kinahisi hata ukipanda ngazi za ghorofa moja. Galaxy Nexus ya mwaka 2011 ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza kuwa nacho. Kwa upande wa iPhone kilikuja na iPhone 6, mwaka 2014. Ndicho kinachozifanya zile mita za kushuka ziwe za kuaminika kuliko takwimu nyingine kwenye kioo.

Karibu za kuaminika. Hali ya hewa ikichafuka, mgandamizo hushuka wenyewe, na baromita haijui kama umepanda wewe au imekuja dhoruba. Mtu anaweza kukaa mgahawani anakunywa chai saa mbili, naye kwa hesabu ya baromita akawa amepaa mita 20 na kikombe chake. Programu nzuri hulinganisha baromita na GPS, kila mmoja akimsuta mwenzake.

Sasa kwenye kasi, ambako ndiko niliko na kesi yangu. Je, wajua kwamba simu haipimi mwendo wako kwa kugawanya umbali kwa muda, kama tulivyofundishwa darasa la sita? Inaweza, ila iko njia bora. Simama kando ya barabara usikilize bodaboda inayokuja inapiga honi: ikikukaribia sauti ni nyembamba, ikishakupita inanenepa. Mawimbi ya setilaiti nayo hubanwa au kunyooshwa kadiri wewe na setilaiti mnavyokaribiana au kuachana, na simu hupima kubanwa huko. Kwa njia hii, chini ya anga wazi, kasi hupatikana kwa usahihi wa kushangaza.

Tatizo ni pale anga isipokuwa wazi. Kwenye bonde lenye kuta za miamba, mawimbi hugonga mwamba kwanza ndipo yakafika kwenye simu, yakiwa yamechelewa kidogo. Simu, kwa kuwa haijui habari za mwamba, huamini yametoka mbali zaidi, na ghafla humhamisha mtu mita 40 kwa sekunde moja. Mita 40 kwa sekunde ni kilomita 144 kwa saa. Bibi wa miaka 70 anayeshuka polepole anasoma jioni kwamba alipita kama risasi. Programu makini huzichuja ruka-ruka kama hizo. Nyingine huziacha, na nina wasiwasi kwamba huziacha kwa sababu wateja wanazipenda.

Kwa kulinganisha: rekodi ya dunia ya kasi kwenye skii ni kilomita 255.5 kwa saa, ya Mfaransa Simon Billy, aliyoiweka Vars huko Ufaransa Machi 2023. Kwenye ubao wa theluji, ule mmoja wa kusimama kiubavu, ni kilomita 203.275, ya Mfaransa mwingine, Edmond Plawczyk, mwaka 2015, mlima uleule. Hawa huvaa suti ya mpira iliyobana na kofia iliyochongwa kama tone la maji, na hupimwa ndani ya mita 100 zilizotegwa vifaa maalumu, simu hazihusiki. Kwenye mashindano ya kawaida ya Kombe la Dunia, Johan Clarey alifika kilomita 161.9 kwa saa kule Wengen, Uswisi, Januari 2013, na watu bado wanaizungumza. Mpwa wangu amejifunza kuteleza miaka miwili. Kilomita 118?

Tuiache kidogo.

Je, wajua kuwa simu haijui theluji ni nini? Hakuna kifaa ndani yake kinachotambua weupe wala ubaridi wa nje. Inachojua ni kwamba kitu hiki kilipanda kwa mwendo usiobadilika, kwa mstari ulionyooka, kikasimama, kisha kikashuka kwa kupindapinda. Basi inakisia: kupanda kulikonyooka ni lifti ya viti, kushuka ni mtelezo, kutosogea ni foleni au chakula cha mchana. Baadhi ya programu huongeza ramani ili zijue njia na lifti zilipo. OpenStreetMap, ramani ya kujitolea iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ina mamilioni ya wachoraji na imechorwa mitelezo ya milima mingi duniani.

Kisio hilo huchanganyikiwa kwenye skii za nyika, mchezo ambao mtu hupanda vilima kwa miguu yake mwenyewe. Hapo kupanda si lifti, ni jasho. Muulize Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996 nchini Finland, na miaka miwili baadaye akasimama kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mbio za kilomita 10. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikataa kwenda kupokea medali yake mpaka Boit afike, akamkumbatia mstarini. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Olimpiki hiyohiyo ya 1998 ndiyo ya kwanza kuupokea ubao wa theluji.

Na kama unadhani Pwani haihusiki kabisa: Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye mitelezo ya milimani huko Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi. Akakulia Austria, ni kweli. Lakini Kilifi.

Je, wajua kwamba lifti ya viti ina asili ya ndizi? Mhandisi wa shirika la reli la Union Pacific, James Curran, aliwahi kushughulika na mitambo ya kupakia mikungu melini katika nchi za joto: mikungu ikining'inia kwenye ndoano, kamba ikizunguka bila kusimama. Alipotakiwa kubuni njia ya kuwapandisha watelezaji Sun Valley, Idaho, aliondoa mkungu akaweka kiti. Mitambo ilianza kazi Desemba 1936. Kila nikiona picha ya watu wamekaa kwenye viti vile, miguu inaning'inia, naona Rungwe na Bukoba.

Na ndizi hizi zinakaa sana kwenye ndoano. Piga hesabu. Lifti ya kisasa hukimbia mita 5 kwa sekunde. Lifti ya kilomita 2 inachukua dakika 6 na sekunde 40, bila foleni. Kushuka kilomita 2 na nusu kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dakika 5. Mtu anayesema ameteleza siku nzima, kwa hakika ameketi sehemu kubwa ya siku hiyo. Programu hizi huonyesha hilo waziwazi, saa za lifti upande huu na saa za mtelezo upande ule, na nimegundua kwamba hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaipigi picha kuituma ukooni.

Wenye ubao wa theluji ndio wanaoonekana wavivu zaidi kwenye rekodi, nao hawana kosa. Ili kupanda lifti lazima wafungue mguu mmoja kutoka kwenye ubao, na wakifika juu huinama au kukaa chini kuufunga tena. Simu inaandika: amesimama.

Urefu wa njia nao una ujanja. Ramani bapa humpunja mtelezaji: kwenye mteremko wa digrii 30, mita 866 za ramani ni mita 1,000 za theluji. Simu inayorekodi mara moja kwa sekunde nayo humpunja, kwa kuwa ukienda mita 15 kwa sekunde hukata kona zako fupi zote na kuziunganisha kwa mstari. Upande wa pili wako wanaozidisha. Mjerumani Christoph Schrahe alikaa akapima vituo vya skii kwa picha za setilaiti na mwaka 2013 akaonyesha kuwa vituo kadhaa vikubwa vya Alps vilikuwa vimetia chumvi kilomita za njia zao. Vingine vilijitetea kwamba vilihesabu na kona anazokata mteja. Ni sawa na daladala kukutoza kwa kuyakwepa mashimo.

Haraka haraka sasa:

Je, wajua kwamba Slopes ilipata tuzo ya ubunifu ya Apple mwaka 2022? Kwamba saa ya Apple ilianza kuwaruhusu watengenezaji wa programu kuhesabu mitelezo Februari 2018? Kwamba kampuni ya Recon ya Vancouver iliwahi kuweka kioo kidogo ndani ya miwani ya theluji, mtu akaona kasi yake mbele ya jicho akiwa bado anashuka, Intel wakainunua mwaka 2015 na kuifunga miaka miwili baadaye? Na kwamba wapo Waingereza, Carv, wanaofunga vihisi kwenye kiatu cha skii na kukusema sikioni kila unapokata kona vibaya, kama mwalimu wa udereva?

Je, wajua kuwa si lazima simu ifanye kazi yote? Mwaka 2010 kampuni ya Vail Resorts ya Marekani ilianzisha EpicMix, ambapo tiketi iliyo mfukoni ilisomwa kwa mawimbi ya redio kila unapopita lango la lifti. Mfumo ulijua lifti gani saa ngapi, ukajumlisha mita. Haukuwa na setilaiti wala haukula betri. Haukujua tu umeshukaje. Ungeweza kuviringika kama pipa, mita ni zilezile.

Betri sasa. Kwenye baridi, vimiminika ndani ya betri ya lithiamu huwa vizito na umeme hupita kwa shida, hivyo simu iliyoonyesha asilimia 40 huzima ghafla. Apple wenyewe husema iPhone itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, yaani Dar es Salaam inafaa, Calgary ya Januari hapana. Ipashe moto kifuani, chaji nyingi inarudi. Kwa hiyo watelezaji hubeba simu karibu na mwili, na hawaitoi ovyo. Isitoshe kioo hakitambui kidole kilicho ndani ya glavu. Majira ya baridi ya mwaka 2010, Wakorea Kusini walianza kubofya simu kwa soseji. Soseji kweli, za dukani. Kioo hudhani ni kidole.

Je, wajua kwamba simu zimewahi kuwapigia polisi watu waliokuwa wakifurahi? Septemba 2022 ilitoka iPhone 14, yenye uwezo wa kutambua ajali ya gari: kipima-mshtuko chake kinahesabu hadi mara 256 ya mvutano wa dunia, kikisaidiwa na baromita na maikrofoni. Ikihisi ajali hupiga kelele, husubiri kidogo, kisha huita huduma za dharura yenyewe. Msimu wa theluji ulipofika, vituo vya dharura kwenye kaunti za milimani Colorado vilizongwa na simu za watelezaji waliokuwa wameanguka tu, au kusimama ghafla, wakainuka na kuendelea. Kelele ya onyo hawakuisikia. Ilikuwa chini ya koti na kofia ngumu. Wapokeaji simu walilazimika kuipigia kila moja kuulizia, kwa sababu huwezi kujua ipi ni ya kweli. Apple walitoa marekebisho, mara moja Novemba 2022, mara nyingine Februari 2023.

Lipo jambo ambalo simu haitakiwi kuliamua kabisa. Anayekwenda nje ya njia zilizosawazishwa huvaa kifaa cha redio cha maporomoko ya theluji. Vyote duniani huongea kwa masafa ya kilohezi 457, ili aliyefukiwa na kifaa cha kampuni moja atafutwe na mwenye kifaa cha kampuni nyingine. Zilipotoka programu zilizodai kuifanya simu iwe kifaa hicho, Kituo cha Maporomoko ya Theluji cha Kanada kilitoa onyo Oktoba 2013: Bluetooth, Wi-Fi na GPS havipenyi theluji vya kutosha, haviongei na 457, na betri haziaminiki. Aliyefukiwa ana dakika chache tu. Tena simu huvuruga kifaa chenyewe, kwa hiyo kanuni ni kukitenga nayo sentimita 20 wakati wa kutembea, na sentimita 50 wakati wa kumtafuta mtu.

Je, wajua mahali ambapo GPS haina kazi lakini theluji ipo? Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, tangu mwaka 2005. Nje joto linapita nyuzi 40, ndani ni karibu na sifuri, na mteremko mrefu kuliko yote ni mita 400. Paa limezuia setilaiti zote. Baromita peke yake ndiyo inayohisi kwamba mtu ameshuka, na ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Dubai wamewahi kuvaa koti la kukodi na kuihisi pia. Ukitaka theluji ya Afrika yenye anga juu yake, Afriski ya Lesotho iko zaidi ya mita 3,000, na msimu wake ni Juni hadi Agosti, wakati milima ya Ulaya imeota majani.

Na je, wajua kwamba mstari mmoja kwenye ramani unaweza kusema mambo ambayo mwenyewe hukuyasema? Novemba 2017 Strava, wanaorekodi mbio, baiskeli na hata skii, walichapisha ramani ya dunia iliyowaka kila mahali watumiaji wao walipopita. Januari iliyofuata mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha kuwa kambi za jeshi nchini Syria na Afghanistan zilikuwa zinang'aa gizani, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia kuzizunguka huku wamevaa saa zao.

Hilo ndilo lililonipa wazo. Nilimwandikia mpwa wangu faragha: "Hebu nifungulie ramani, unionyeshe ile 118 ilikuwa wapi."

Kukawa kimya karibu saa nzima.

"Mjomba," akaandika, "mimi mwenyewe ndiyo naona sasa." Akatuma picha nyingine. Mistari ya mlimani, Lake Louise, ilikuwa na rangi ya njano na chungwa; hapo kasi kubwa ilikuwa kilomita 61. Kisha mstari mmoja mrefu ulitoka maegeshoni, ukaingia Barabara Kuu Namba 1 kuelekea mashariki, ukapita mpaka wa hifadhi ya Banff, pale ambapo kikomo cha mwendo huongezeka kutoka kilomita 90 hadi 110. Hapo, kwenye mteremko mrefu ulionyooka, saa 11 na dakika 40 jioni, kulikuwa na nukta nyekundu. Alisahau kuzima. Rafiki yake alikuwa anaendesha, na yeye alikuwa amelala kiti cha nyuma.

Nilimwambia si lazima aseme. Akasema mwenyewe, kwenye kundi, pamoja na picha. Shangazi ndiye aliyejibu wa kwanza: "Kumbe gari. Basi breki zilikuwepo."